Mishipa Saba ya Theodosia

Jumamosi saa kumi jioni, Tharsisi alipangusa vumbi la mbao kwenye kiti cha nane kati ya viti kumi na viwili alivyoagizwa na shule, akakipanga ukutani pamoja na vingine, kisha akaenda kuchomoa mirija kwenye nyasi za paa. Mirija ilikuwa saba, na kila mmoja ulikuwa na alama ya mwenyewe. Wa Bazilio ulifungwa uzi mwekundu. Wa Nduwayezu, fundi baiskeli, ulivishwa kipande cha mpira. Wa Tharsisi haukuwa na kitu, kwa kuwa ndiye mwenye nyumba.

Chungu cha impeke, pombe ya mtama, kilikuwa tayari uwanjani, kimekalishwa juu ya kata ya majani makavu ya mgomba. Wanaume walifika mmoja mmoja, wakasalimiana kwa utaratibu, mikono ikishikana na kuachana, mwakeye, mwakeye, habari za watoto, habari za mbuzi, habari za maharage, mpaka kila mtu akawa amemwuliza kila mtu. Ndipo wakaketi kwenye vigoda kukizunguka chungu. Theodosia, mke wa Tharsisi, alitoka jikoni na birika la maji ya moto akasimama nyuma yao.

Impeke hunywewa hivyo. Wanaume huvuta kwa mirija, pombe hupungua, na mwanamke wa nyumba huongeza maji ya moto ili chungu kirudi kujaa. Kazi yenyewe si nzito. Birika huinamishwa labda mara ishirini. Kati ya mara moja na nyingine mwanamke husubiri, na husubiri amesimama, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona mwanamke akingoja chungu akiwa amekaa. Theodosia alikuwa amesimama hivyo kila Jumamosi, na kila Jumapili baada ya ibada, na siku za mahari, za ubatizo na za matanga, tangu alipoolewa mwaka 1975. Sasa ulikuwa mwaka 1992.

Mishipa ilianza alipokuwa na mimba ya Ininahazwe, binti yake wa kwanza. Kwanza zilikuwa nyuzi nyembamba, nyekundu na za bluu, zimetawanyika nyuma ya magoti kama utando wa buibui. Wanawake wengi wa upande ule wa Mabamba walikuwa nazo, kila mmoja kwa idadi yake. Za Theodosia ziliendelea kunenepa na kujikusanya mpaka zikawa mishipa saba, na kila mshipa ulikuwa wa mtu wake. Mwanamume alipovuta mrija, mshipa wake ulijaa na kunyanyuka chini ya ngozi. Alipomeza, ulilala. Wa Bazilio ulipanda kwenye shavu la mguu wa kushoto. Wa Nduwayezu ulizunguka kifundo cha mguu wa kulia. Wa Tharsisi ulikuwa mnene kuliko yote, ulitoka kisigino mpaka nyuma ya goti.

Nduwayezu aliposafiri kwenda Kigoma kutafuta minyororo ya baiskeli, akakaa huko wiki mbili, mshipa wake ulififia ukawa kama mstari wa penseli. Alirudi, akanywa, ukarudi. Mzee Niyomwungere alipofariki, wake ulikauka, ukabanduka kama ganda la kitunguu. Theodosia aliufagia, akaufunga kwenye jani, akampelekea mjane. Mjane alishukuru, akaufukia kando ya kaburi. Mrija wa mzee ulirithiwa na mwanawe, na Jumamosi ya pili mshipa mpya ukawa umeota palepale pa ule wa zamani.

Mambo haya yalijulikana. Hayakuzungumzwa, kama yasivyozungumzwa mengine ya chini ya nguo. Wanaume walitazama chungu. Theodosia alishusha kitenge chake mwaka hadi mwaka, kwanza chini ya magoti, baadaye kwenye vifundo, mwisho kikawa kinaburuza na kuzoa majani uwanjani. Mtoni alioga peke yake, wakati wenzake wameshaondoka. Kanisani alipokea komunyo wa mwisho, ili pasiwe na mtu nyuma yake. Tharsisi aliyaona yote hayo na alikuwa na aibu, lakini aibu yake ilikuwa ya mtu anayeogopa kuulizwa, na hakuna aliyemwuliza.

Masika ya mwaka ule ngozi ya juu ya kifundo cha kushoto ilianza kuwa nyeusi, ikawasha, ikapasuka. Kidonda kilikuwa kidogo kama kifungo cha shati. Waliweka majani, wakaweka majivu, wakaweka mafuta ya mawese, na kidonda kikawa kikubwa kama kifuniko cha chupa. Theodosia akasema lazima aende hospitali ya misheni, Kabanga, karibu na Kasulu.

Walipanda lori la Saidi, lililokuwa likipeleka maharage Kasulu. Tharsisi alibeba viti viwili vya kuuza sokoni, na kwa kuwa nyuma ya lori hapakuwa na pa kukaa ila juu ya magunia, alimwekea mkewe kimoja. Theodosia alikikalia kutoka Mabamba mpaka Kibondo, na kutoka Kibondo mpaka Kasulu, akishika ubao wa pembeni kila lori liliporuka shimo. Hakuwahi kukalia kiti cha mumewe kabla ya siku hiyo. Alisema ni kiti kizuri. Kasulu kiliuzwa.

Hospitalini walipokewa na Sista Laurentine, mtawa muuguzi kutoka Uvira, ng'ambo ya ziwa, mwenye Kiswahili cha kwao, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimlaza Theodosia kitandani, akakunja kitenge mpaka juu ya magoti, akainama kutazama. Tharsisi alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango. Akageuza uso kuelekea kwenye bango la chanjo ya surua.

Sista alieleza taratibu, akionyesha kwa kidole. Damu kushuka ni rahisi, kupanda ndiyo kazi. Ndani ya mishipa kuna vimlango vinavyofunga nyuma ya damu ili isirudi. Mtu akisimama muda mrefu mahali pamoja, siku nyingi, vimlango vinachoka, damu inatuama miguuni, vishipa vya juu ya ngozi vinavimba na kutambaa. Kwa wengine vinabaki kuwa jambo la kuonekana tu, havidhuru kitu. Kwa wengine ngozi inakosa chakula, inapasuka. Kuna sindano ya kuvikausha, alisema, lakini iko miji ya mbali, na hata huko, anayerudi kusimama hupata vingine.

"Mama, weye unasimamaka wapi?" Sista akauliza.

Theodosia akamweleza habari za chungu na birika. Akamwonyesha mshipa mmoja mmoja na kumtajia mwenyewe. Sista hakushangaa. Alisema kwao Uvira aliwahi kumwuguza mama mmoja aliyekuwa nayo kumi na miwili, mumewe alikuwa chifu. Akachukua kadi ya mgonjwa, na pale palipoandikwa chanzo akaandika majina, kila jina na mguu wake: Bazilio, kushoto, Nduwayezu, kulia. Alifika la saba.

"Na huyu Tharsisi ni nani? Wake njo mukubwa."

"Ni mimi," alisema Tharsisi kutoka kwenye benchi.

Sista alimtazama juu ya miwani.

"Baba, kazi yako nini?"

"Seremala."

"Unatengenezaka nini?"

Nje mtu alikuwa akivuta ndoo kisimani.

"Viti," alisema.

Sista akaandika hilo pia.

Alisafisha kidonda, akafunga bendeji ya kuvutika kuanzia vidoleni kupanda juu, akaikaza hasa, akamfundisha Theodosia kuifunga mwenyewe. Akatoa maagizo matatu. Kila jioni alale chali, miguu juu ya mto, juu kuliko moyo, kwa saa nzima. Atembee kwa kadiri apendavyo, kutembea ni dawa. Na asisimame mahali pamoja. Akalirudia agizo la mwisho akimtazama Tharsisi. Walilala hospitalini siku nane, mpaka kidonda kilipoanza kuota nyama nyekundu safi.

Siku hizo nane chungu cha Tharsisi hakikulala. Mtama ulikuwa umeshachachuka. Bazilio, ambaye ni mkubwa wa chungu na katekista wa kigango, alimwita Ininahazwe atoke na birika. Msichana alikuwa na miaka kumi na sita. Alisimama Jumamosi, akasimama Jumapili, akasimama Jumamosi nyingine, na wanaume wakamsifu kwamba mkono wake haumwagi.

Waliporudi, Tharsisi alikwenda kwanza kuvuta masalio ya chungu kwa mrija wake. Theodosia alimkuta binti yake akiosha miguu kwenye beseni nyuma ya nyumba. Akainama kumsugua kisigino. Juu kidogo ya kifundo, kwenye ngozi laini, kulikuwa na vijistari saba, vyembamba kama nywele za mtoto mchanga. Theodosia alivipangusa kwa kidole gumba chenye maji. Havikutoka.

"Vinawasha?" aliuliza.

"Hapana, mama. Kimoja tu kinacheza."

"Kipi?"

Ininahazwe alimwonyesha. Kilikuwa kile cha kutoka kisigino kwenda juu.

Jioni ile Theodosia alilala chali kama alivyoagizwa, miguu juu ya gunia la pumba, akamwambia mumewe maneno machache. Alisema birika halitashikwa tena na mtoto. Alisema na yeye hatasimama. Kisha akafumba macho, maana saa yake ya kulala chali ilikuwa haijaisha.

Tharsisi alikwenda kwenye banda lake la kazi. Alichagua kipande cha mninga alichokuwa amekiweka kwa ajili ya kiti cha padri, akapima, akakata, akapiga randa. Kufikia Ijumaa alikuwa amemaliza kigoda cha miguu mitatu chenye kikalio kilichobonyea kidogo kupokea mapaja, na kimo chake kilimtosha Theodosia kufikisha mdomo wa birika kwenye mdomo wa chungu bila kuinuka. Kilikuwa kigoda kizuri kuliko vyote alivyowahi kutengeneza.

Jumamosi wanaume walikuja, wakasalimiana, wakaketi. Theodosia alitoka na birika, akaketi. Chungu kilikuwa mbele yake kama kilivyokuwa mbele ya kila mtu. Aliinamisha birika, maji yakaingia, pombe ikapanda, mirija ikavuta. Pombe haikuwa na tofauti. Maji yalimwagika kidogo kuliko zamani, kwa kuwa aliyamimina kwa karibu. Chini ya kitenge mishipa saba ilitulia. Hakuna uliojaa, hakuna uliolala. Ikaonekana, mbele ya watu wote, kwamba kwa miaka kumi na saba kusimama hakukuhitajika kwa lolote.

Hakuna aliyelisema. Lakini mazungumzo hayakuja. Nduwayezu alianza habari ya vyama vingi, kwamba sasa mtu anaweza kuchagua chama kama anavyochagua mrija, na siku nyingine wangecheka. Siku ile aliivuta sentensi mpaka ikamkatikia. Walikunywa kama watu wanaokunywa dawa. Jumamosi ya pili ikawa hivyo. Jumamosi ya tatu mmoja alisema anaumwa tumbo, mwingine akasema ana ng'ombe anayezaa.

Kidonda cha Theodosia kilikuwa kimebaki kidogo kama punje ya mahindi.

Baada ya ibada ya Jumapili, Bazilio alimshika Tharsisi mkono wakatembea mpaka nyuma ya kanisa, kwenye mikaratusi. Bazilio alikuwa mtu wa miaka sitini, mwenye sauti ya kusomea injili. Alianza mbali. Aliuliza viti vya shule vimefikia wapi, akauliza hali ya mgonjwa, akasema anamwombea. Ndipo akafika.

"Tharsisi, mdogo wangu, pombe yako ni nzuri. Tatizo ni kwamba ananiona."

"Alikuwa hakuoni zamani?"

"Zamani alikuwa huko juu. Aliona vipara vyetu. Sasa macho yake yako hapa." Bazilio aliweka kiganja mbele ya mdomo wake mwenyewe. "Nikivuta, ananitazama ninavyovuta. Mimi mtu mzima. Mashavu yanaingia ndani. Juzi nimevuta, nikamkumbuka mama yangu."

Tharsisi alikuwa ameliona hilo tangu Jumamosi ya kwanza. Yeye mwenyewe alikuwa amevuta mrija, akainua macho, akakutana na macho ya mkewe usawa na yake. Theodosia hakuwa na hasira. Alikuwa akitazama tu, kama anavyotazamwa mtoto anayenyonya wakati tayari ana meno. Tharsisi alikuwa ameachia mrija na kujifuta mdomo, ingawa mdomo ulikuwa mkavu.

"Basi tumimine wenyewe," alisema. "Kwa zamu. Naanza mimi."

Bazilio alicheka kwa upole.

"Mwanamume na birika? Huko ulikotoka ndivyo mlivyofanya?"

Huko alikotoka ni ng'ambo ya mpaka, mwendo wa asubuhi moja. Tharsisi alivuka mwaka 1972, akikimbia mauaji, akiwa na miaka kumi na saba na msumeno wa baba yake, na huko alikotoka wanaume hawakushika birika, kama hapa wasivyolishika. Bazilio alijua hivyo. Tharsisi alijua kwamba anajua. Lakini swali lile lilikuwa na mlango mwingine nyuma yake, nao Tharsisi aliujua vizuri. Alipofika hapakuwa na mtu aliyemtaja kwa jina, aliitwa Yule wa Ng'ambo. Alilima vibarua miaka miwili. Siku Bazilio alipomkatia mrija na kumwonyesha pa kuketi, ndipo jina lake lilipoanza kutajwa, ndipo alipopata mke, ndipo alipopata kiwanja. Karatasi nyingine ya ukaazi zaidi ya mrija ule hakuwa nayo.

Bazilio akasema, bila kumtazama, kwamba vijana wanazungumza habari ya kuhamishia chungu kwa Nduwayezu. Mke wa Nduwayezu ana miguu mizuri bado. Akampiga bega, akamwambia afikirie.

Tharsisi alifikiri wiki nzima huku akipiga randa. Ijumaa jioni alikichukua kile kigoda akakipeleka bandani. Theodosia alipokitafuta Jumamosi, Tharsisi alimwambia mguu mmoja umelegea, anataka kuutia gundi.

Theodosia alikwenda bandani. Alikikuta kigoda juu ya meza ya kazi, akakitikisa. Miguu yote mitatu ilikuwa imara. Alisimama pale kidogo, mkono juu ya mbao. Aliporudi uwanjani wanaume saba walikuwa wameshaketi, na Ininahazwe alikuwa ametoka jikoni na birika, bila kuitwa na mtu, na vijistari kwenye vifundo vyake vilikuwa vimeanza kucheza.

Theodosia alimnyang'anya birika.

"Nenda ndani," alisema. "Nenda ukakae."

Ininahazwe alisita, akamtazama baba yake. Tharsisi alikuwa akitazama chungu. Msichana akaingia ndani. Theodosia alisimama nyuma ya wanaume, mahali pake, pale ambapo ardhi ilikuwa imebonyea kwa nyayo mbili. Mishipa ilijaa, mmoja baada ya mwingine. Nduwayezu alianza tena habari ya vyama vingi, akaimaliza, wakacheka. Bazilio alisema pombe ya leo imechachuka vizuri. Jua lilipokaribia kilima alilalamika mgongo unamsumbua, akauliza kama kile kigoda cha mninga kina mwenyewe. Tharsisi alikwenda kukileta. Bazilio alikikalia, akajigeuza kushoto na kulia, akasema kweli fundi ni fundi.

Kidonda kilifunguka tena mwezi wa saba. Vijistari vya Ininahazwe havikuongezeka, wala havikufutika. Theodosia aliendelea kulala chali kila jioni, miguu juu ya gunia la pumba, ila Jumamosi, Jumapili na siku za shughuli.

Haiwezi kusemwa kwamba wanaume hawakujali. Nduwayezu alirudi kutoka mnadani Kasulu na soksi ndefu za mitumba, nyeusi, za kubana, akampa Tharsisi akiwa amezifunga kwenye gazeti, akasema ni za mama, asimwambie nani kaleta. Zilibana kama Sista alivyotaka, na zilifunika mpaka juu ya magoti. Theodosia alizivaa. Tangu hapo hakuna aliyeona nyekundu wala bluu, na kitenge hakikuburuza tena. Lakini mtu akivuta, chini ya soksi kitu kilipita, kama fuko anavyopita chini ya tuta la viazi, na mwenye kuvuta alijua kwamba ni yeye.

Ndipo Bazilio alipotoa wazo kwamba wavute polepole. Hakutoa sababu. Wote walikubali haraka, wakaonekana kupumua. Wakawa wanavuta kidogo, wanaachia mrija, wanangoja, wanavuta tena, kila mtu kwa huruma yake. Mishipa haikunyanyuka sana kama zamani. Chungu kilichokuwa kikiisha jua likiwa bado juu ya kilima sasa kilidumu mpaka kuku waingie, mpaka umande uanze kushuka, na Theodosia alisimama na birika mpaka mwisho. Tharsisi, ambaye mshipa wake ulikuwa mnene kuliko yote, alivuta polepole kuliko wenzake wote, na kila mara ndiye aliyekuwa wa mwisho kumaliza.